Mlima wa Ufuta

Mke wangu Mwantumu ni mtu wa Mbwera, huko kwenye visiwa na vijito vya delta ya Rufiji, na mimi Abdulkarimu ni Mmatumbi wa vilimani, kwa hiyo tangu siku ya posa hatujaacha kutaniana. Mimi humwambia kwao hakuna ardhi, kuna tope tu lililosahauliwa na maji. Yeye hunijibu kwamba kwetu kila mtu ana mguu mmoja mfupi kwa kusimama mteremkoni tangu azaliwe. Tunaishi Kibiti mwaka wa ishirini na saba sasa, mimi na karakana yangu ya useremala, yeye na shamba lake na mdomo wake, na sijawahi kumshinda kwa maneno hata siku moja. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani naandika habari za mke wangu kwa kumhurumia. Huyu mama hahurumiwi.

Watu wengi hapa mjini wanamjua kwa vitumbua vyake. Hawajui kwamba aliwahi kuwa mtu wa sayansi, tena aliajiriwa kwa kisigino.

Miaka kumi na mitatu iliyopita kampuni moja ya utafiti wa gesi ilipiga kambi Mbwera. Kazi yao ilikuwa kuisikiliza ardhi. Walitoboa vishimo, wakalipua baruti kidogo chini, sauti ikashuka hadi kwenye miamba, ikagonga tabaka la kwanza ikarudi, ikagonga la pili ikarudi. Juu walikuwa wamepanga mstari mrefu wa vidude vyenye msumari chini, kila kimoja kina ukubwa wa kikombe cha kahawa, vya kuipokea ile sauti. Wenyewe waliviita jiofoni. Watu wa Mbwera wakaviita masikio. Kompyuta ikichukua majibu ya masikio yote ilichora picha ya chini ya ardhi, bila mtu yeyote kushuka huko.

Shida ilikuwa tope. Vijana waliokuja na kampuni walizama hadi magotini, na masikio waliyoyachomeka yaliyumba ovyo yakaleta majibu ya ovyo. Mwantumu alikuwa ameenda kwao kumsaidia mama yake kuvuna mpunga. Alisimama akawatazama nusu saa, uvumilivu ukamwishia. Akaingia topeni, akachukua sikio moja, akalisimamisha wima, akalikandamiza kwa kisigino huku na huku, namna kwao wanavyokandamiza nguzo ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Akamwambia msimamizi wa kampuni, "Lisikilizeni hilo." Wakalisikiliza. Kesho yake akapewa buti na kofia ngumu, na buti akawarudishia siku hiyo hiyo kwa sababu zinazama.

Baadaye shida haikuwa tope tena, ilikuwa vinu. Alasiri wanawake wa Mbwera walipoanza kutwanga mpunga, masikio yote yalisikia du, du, du, na picha ya miamba ikajaa kelele za chakula cha jioni. Kampuni ikamtuma Mwantumu apite nyumba kwa nyumba kuomba mchi upumzike saa moja kila siku. Wanawake walimkubalia kwa sharti kwamba fundi wa baruti naye aje ale huo wali uliochelewa. Nasikia alikula, akaongezwa, na tangu hapo alikuwa wa kwanza kuzima mitambo yake saa ya vinu ilipokaribia.

Kazi ilipokwisha kampuni ilimpa karatasi moja ndefu yenye ile picha, mistari myeusi na myeupe iliyolala kama mkeka uliokunjwa vibaya. Aliibandika sebuleni. Binti yetu Shamsia alikuwa darasa la sita wakati huo, na akawa anaikodolea macho tukila. Siku moja akauliza, "Mama, hii mistari mbona hapa imekatika, halafu inaendelea pale juu?"

"Sijui," mama yake akamjibu. "Soma ujue, uje utwambie."

Akasoma. Alipofika chuo kikuu akachagua jiolojia, na mimi nikanung'unika kwa sababu nilitaka awe mhasibu. Hakuna aliyenisikiliza.

Mwaka jana mwezi wa nane Shamsia alishuka hapa stendi na begi lake na kompyuta yake na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Alikuwa anamalizia shahada ya pili. Tasnifu yake haikuhusu gesi wala Rufiji, ilihusu milima. Kuna safu moja ya milima huko Asia ambako watafiti walipiga mitetemo ya ardhi kama ile ya Mbwera wakapata picha, na msimamizi wake, Dokta Salima, alizipata picha hizo kwa wenzake akampa Shamsia azichambue. Hata kuoga Shamsia hakuoga. Aliifungua kompyuta juu ya meza ya chakula akatuita.

"Milima hii ilitokana na kusukumwa, baba," akasema. "Ardhi imebanwa toka upande huu. Matabaka yakashindwa kustahimili, yakapasuka kwa mshazari, kipande kikapanda juu ya kipande. Huu hapa ufa wa kwanza, huu wa pili, huu wa tatu."

"Kama mabati yanavyolaliana," nikasema.

"Hivyo hivyo. Sasa tazama chini kabisa."

Chini ya nyufa zote tatu palikuwa na mstari mmoja uliolala, unang'aa kuliko yote. Ugomvi wote ulikuwa juu ya mstari huo. Shamsia alisema lile ni tabaka jembamba, laini, na kila kilichoko juu yake kiliteleza hapo, ndiyo maana nyufa zimeachana mbali mbali na zimelala badala ya kusimama. Dokta Salima alisema ule mstari si kitu, ni mwangwi tu: sauti iliyodundadunda baina ya matabaka ya juu ikachelewa kurudi, kompyuta ikadanganyika ikachora tabaka lisilokuwepo. Shamsia alikuwa amekwisha kujaribu kwa hesabu za kompyuta, nazo zikamuunga mkono. Dokta akamwambia kompyuta hula chochote unachoilisha. Yeye alitaka kuona kwa mchanga.

Nikauliza mchanga unaingiaje. Kumbe ndivyo wanavyofanya hawa watu: wanatandaza matabaka ya mchanga mkavu ndani ya sanduku lenye vioo ubavuni, wanausukuma ubao toka upande mmoja polepole, na mchanga unapasuka na kupandana vile vile miamba inavyofanya kwa mamilioni ya miaka. Sanduku la chuoni lilikuwa na foleni ya wanafunzi hadi Novemba. Tasnifu ilitakiwa Septemba, na ufadhili wake ulikuwa unaisha hapo hapo. Dokta Salima alikuwa na safari ya Lindi baada ya wiki mbili. Jumamosi saa nne asubuhi angepita Kibiti, akae saa moja. Nyufa za mchanga zikifanana na za kwenye picha, sura ya tasnifu inayohusu mstari ule inabaki. Zisipofanana inatolewa, na bila sura ile hakuna tasnifu, na mtoto wetu anarudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka miwili.

"Baba, nimekuja unitengenezee sanduku," akasema, na machozi yakamtoka.

Mimi machozi ya mtoto huyu siyawezi. Siku ile ile nikaweka kando kitanda cha harusi cha Hemedy, jirani yetu, ambaye hadi leo salamu zake kwangu ni za kubania. Nikachukua mbao za mninga nilizokuwa nimezificha kwa kazi ya maana, nikapiga randa, nikaweka vioo viwili vizito, na kwa ajili ya kusukuma nikang'oa skrubu ndefu ya jiriwa yangu ya zamani ya kubania mbao, nikaifunga nyuma ya ubao na mpini wa kuzungusha. Ukizungusha mara moja, ubao unasogea kwa unene wa ukucha. Nilipomaliza nilikaa nikalitazama sanduku lile kwa raha kubwa. Kama kuna seremala mwingine Kibiti anayeweza kulitengeneza, sijakutana naye.

Mchanga aliuchagua Mwantumu. Aliufuata Ndundu, yeye na Shamsia, akashuka chini ya daraja la Rufiji, akakataa mchanga mahali patatu kabla ya kuukubali wa mahali pa nne. Wakauanika siku mbili juu ya turubai, wakauchekecha mpaka ukawa kama sukari, na nusu yake wakaitia bluu ya kufulia wakaianika upya, ili matabaka yaonekane moja baada ya jingine kwenye kioo.

Ikaja kazi ya kutandaza. Shamsia alimwaga tabaka la kwanza, likawa na mabonde. Nikamwaga mimi, likawa baya zaidi. Mwantumu akatusukuma pembeni. Alitia mchanga kwenye ungo, akauinamisha kidogo, akawa anatikisa viganja tu, mchanga ukawa unashuka ukingoni mwembamba na sawasawa, huku yeye anatembea kinyumenyume toka mwanzo wa sanduku hadi mwisho. Nilipoweka ubao na pimamaji juu yake, kiputo kilitulia katikati. Nilikasirika kidogo, maana mimi ndiye fundi.

Jaribio la kwanza lilitutia aibu. Nilizungusha mpini, mchanga ukajikusanya wote mbele ya ubao, nyufa zikasimama wima zimebanana, na upande wa mbele wa sanduku haukutikisika kabisa.

"Sasa huo ndio mlima," nikasema. "Mimi nimezaliwa mlimani, mlima naujua."

"Baba, si mlima wangu huo," Shamsia akajibu kwa sauti ndogo. Bila tabaka laini mchanga ulikuwa umefanya jambo jingine kabisa, lisilofanana na picha. Alitaka sasa kuliweka hilo tabaka laini chini, aone. Vyuoni huweka shanga ndogo ndogo za kioo, za duara, lakini alizoziagiza zilikuwa hazijafika na hapakuwa na dalili ya kufika.

Nikashauri unga wa sembe. Nilishauri kwa sauti ya mtu anayejua. Tukatandaza unga, mchanga juu yake, nikazungusha. Unga ukashikamana ukawa kama ukuta, mchanga ukapasukapasuka juu kama ukoko, na kuku wa jirani wakaja kusimama karibu kwa matumaini.

"Wamatumbi," Mwantumu akasema, "mlima wenyewe mnataka kuusonga mle."

Nilimwambia aliyezaliwa topeni asinifundishe mambo ya milima. Akacheka, akaenda zake jikoni.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya Dokta. Shamsia alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana, hali chakula, anafuta na kuandika na kufuta. Mama yake akatoka jikoni na mabakuli mawili na ungo, akakaa chini mbele yake.

"Hebu nitazame, mwanangu," akasema. "Hilo tabaka lako, unataka laini la namna gani? Laini la tope au laini la kuteleza?"

"La kuteleza, mama. Punje zisikamatane."

Mwantumu akamimina mchanga toka bakuli la kwanza upande mmoja wa ungo. Ukasimama kichuguu. Akamimina toka bakuli la pili upande wa pili. Ulikuwa ufuta, ufuta mweupe wa Ngarambe alioletewa na binamu yake, na wala haukusimama. Ulishuka ukatandaa, kila punje inaipisha mwenzake.

"Ufuta hauna subira," akasema. "Gunia likitoboka kwa sindano tu huko Ngarambe, baiskeli inafika hapa na gunia nusu. Kila anayepepeta anajua. Mchanga unakaa, ufuta unakwenda."

Shamsia alichukua kipimapembe chake akapiga magoti mbele ya ungo, akapima mteremko wa mchanga, akapima wa ufuta, akaandika. Akaumwaga wote, akamwomba mama yake amimine tena. Akapima tena. Alipima mara sita, na kila mara alivyoandika uso wake ulikuwa unafunguka. Kisha akasema, "Mama, hebu nisubiri," akakimbilia jikoni, akapakua wali, akala akiwa amesimama. Mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo la wali kwanza.

Ijumaa tuliporudi msikitini tukajaribu. Ufuta chini, kina cha kidole. Juu yake mchanga mweupe, wa bluu, mweupe, wa bluu, mweupe. Nikazungusha mpini. Mchanga ukaanza kuinuka mbele ya ubao kama kawaida yake. Lakini nilipoendelea, mbele kabisa, mahali ambapo hapakuwa na dalili ya lolote, mstari wa bluu ukakatika. Ukakatika kwa mshazari wa kulala, kipande cha nyuma kikapanda polepole juu ya kipande cha mbele. Shamsia alipiga yowe. Nikazungusha, ukaja ufa wa pili, mbali na wa kwanza. Ukaja wa tatu. Aliiweka kompyuta ubavuni mwa kioo, na ingawa mimi si msomi wa mambo hayo, niliona. Milima ya Asia ilikuwa imelala mle ndani ya mninga wangu.

"Piga picha umtumie Dokta," nikasema.

"Kasema picha anazo za kutosha. Anataka asimame aone kwa macho yake."

Basi ikabidi tuvunje na kupanga upya. Jumamosi baada ya sala ya alfajiri Mwantumu alishika ungo wake, akatandaza tabaka baada ya tabaka mpaka jua likawa limepanda, kisha yeye na Shamsia wakaingia ndani kuoga na kupika. Mimi nikabaki uani.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwetu mgeni hapokelewi na vumbi. Kabla hajafika unanyunyiza maji uani, vumbi linalala, unafagia, mgeni anakuta ardhi safi yenye harufu nzuri. Nimefundishwa hivyo na mama yangu na sijawahi kuacha. Nikachukua ndoo nikanyunyiza ua wote kwa mkono, taratibu, nikimsubiri Dokta kwa heshima zote. Nikafika kwenye sanduku, chini ya bati la karakana. Nikaona mchanga ule umekauka, una vumbi vumbi juu. Wallahi mkono ulikwenda wenyewe. Nilinyunyiza kwa ukarimu, toka mwanzo hadi mwisho, na nikausawazisha kwa kiganja upendeze.

Saa mbili na nusu Shamsia alitoka amevaa vizuri, akaliona sanduku, akasimama kama aliyepigwa.

"Nani kamwagia maji?"

Mchanga uliolowa hauendi kama mchanga mkavu. Unashikana, unapasuka vipande vipande. Nilikuwa nalijua hilo, nilikuwa nimeelezwa mara kumi. Nikatazama juu.

"Umande huo," nikasema.

Umande, mwezi wa nane, saa mbili na nusu, chini ya bati la karakana. Shamsia aliniamini kwa sababu hakuwa na nafasi ya kufikiri. Aliketi chini akajifunika uso kwa mtandio. Mwantumu alitoka nyuma yake, akatazama mchanga, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa mshazari wowote ule.

Mwantumu alichota mchanga kwa vidole, akachimba polepole pembeni mwa kioo. Maji yalikuwa yameshuka matabaka matatu. Mawili ya chini yalikuwa makavu, na ufuta ulikuwa mkavu.

"Basi hatuhitaji mwingi," akasema. "Mwanangu, inuka. Tunataka mchanga mkavu, uliochekechwa, makarai manne au matano."

"Utakauka saa ngapi, mama? Ni siku mbili!"

"Mkavu upo barabarani."

Akatoka na kanga yake hivyo hivyo. Pale stendi kuna akina mama wanaokaanga karanga na kuwauzia abiria, na karanga zao wanazikaanga kwa mchanga, ndani ya karai, ili ziive sawasawa bila kuungua. Mchanga wa kukaangia hautupwi. Unachekechwa kila siku, unatumika miaka, unakuwa laini na mweusi, na kama kuna kitu kikavu kuliko hicho katika wilaya hii sikijui. Mkubwa wao ni Mwanajuma, mama mmoja mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha ondoka. Mwantumu alimweleza kwa kifupi kwamba mtoto anatahiniwa na anahitaji mchanga.

"Chuo kikuu wanatahini mchanga?" Mwanajuma akauliza.

"Mwenzangu, nitakueleza ukifika."

Walikuja watano, kila mmoja na karai lake kichwani, mengine bado yana joto la asubuhi. Biashara waliiacha. Mwanajuma alilishusha la kwake kwa uangalifu akasema, "Huu wangu una miaka sita. Usichanganye na wa hawa." Tukauvua ule uliolowa kwa vijiko vya wali, tukafuta vioo, akina mama wakachekecha, Shamsia akapima vina kwa rula. Mwantumu akashika ungo. Tabaka la mweusi, tabaka la bluu iliyokuwa imebaki akibani, tabaka la mweusi tena. Sikusogea karibu. Nilipewa kazi ya kufukuza kuku.

Gari la Dokta Salima lilisimama mlangoni saa nne na dakika tano. Nilitarajia mtu mkali, mrefu. Alikuwa mama mfupi, mpole, mwenye baibui na raba za kutembelea porini. Mimi na Mwantumu alituamkia, "Shikamooni," tukaitikia, akakataa chai mpaka baadaye, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Alilizunguka. Akazigonga mbao zake kwa kidole.

"Nani kalitengeneza hili?"

"Baba," Shamsia akasema, na mimi sikuweza hata kufurahi.

"Haya. Tuone."

Nikazungusha mpini. Ua mzima ulikuwa unatazama: akina mama watano, Dokta, mke wangu, mtoto wangu amesimama na vidole mdomoni. Mchanga ukainuka mbele ya ubao. Harufu ya karanga ikapanda. Nikazungusha. Hakuna. Nikazungusha tena, jasho linanitoka, namwomba Mungu anisamehe kosa langu na asimwadhibu mtoto. Ndipo mbele kule tabaka jeusi likakatika.

"Haa!" akasema Mwanajuma. "Huo wangu!"

Ufa ulilala vizuri, kipande kikapanda juu ya mwenzake, mweusi juu ya bluu, kinaonekana wazi hata kwa mtu aliye mbali. Ukafuata wa pili. Tulipofika wa tatu Dokta Salima alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja wangu wenye maji, amevua miwani, pua yake inakaribia kugusa kioo. Aliomba rula. Akapima umbali wa nyufa, akapima mishazari yake, akaitazama picha ya mitetemo kwenye kompyuta, akarudi kwenye kioo. Alipima kwa muda mrefu sana. Shamsia alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu.

Dokta akainuka, magoti yana tope.

"Shamsia," akasema, mbele ya watu wote wale, "nilikosea. Niliuita mwangwi kabla sijautafutia ushahidi. Sura yako inabaki."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimtoa Hemedy nyumbani kwake. Shamsia alimrukia mama yake wakapepesuka wote wawili, wanalia na kucheka, na mimi nikalia vile vile, nikiwa nimegeukia ukutani.

"Ngojeni," Dokta akasema akitabasamu. "Mara moja ni bahati. Nataka urudie mara nne nyingine, zote zitoke hivi hivi, ndipo uandike. Na huo ufuta upimwe vizuri. Nani aliuchagua?"

"Mama."

Dokta akamgeukia Mwantumu, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwomba amwonyeshe anavyotandaza, na Mwantumu akamwonyesha kwa ungo mtupu, kinyumenyume, bila haya yoyote. Kisha Dokta akauliza, "Na matabaka haya meusi mbona ni ya juu tu?"

"Mchanga wetu ulilowa, Dokta," Shamsia akasema. "Umande."

Dokta akatazama bati lililofunika karakana, akatazama jua.

Hapo nikabanwa. Nilikuwa nimemwona sasa hivi mtu mwenye shahada zote zile akisema nilikosea kwa sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi, na hakupungukiwa na kitu. Mimi nina shahada gani ya kunizuia?

"Si umande," nikasema. "Ni mimi. Nilinyunyiza maji kwa ajili ya mgeni. Halafu nikasema uongo. Nilikosea."

Shamsia alifungua mdomo. Mwanajuma alisema, "Lahaula." Mwantumu peke yake hakushangaa.

"Nilijua," akasema. "Ndoo uliiacha pale pale." Akanisogelea, na nikaona mashavu yake yanajizuia. "Lakini hilo neno la mwisho sikulisikia vizuri, Baba Shamsia. Umesemaje?"

Miaka ishirini na saba ya ndoa, na neno hilo sikuwahi kumwambia, hata siku nilipouza mbuzi wake.

"Nimesema nilikosea."

"Dokta kasema mara moja ni bahati," akasema mke wangu, akavuta kigoda akakaa, na akina mama wa karanga wakakaa chini pamoja naye. "Rudia."

Nikarudia mara nne nyingine, na zote zilitoka hivi hivi.